Msiisingizie Kabureta

Nina ugomvi na mafundi wa magari ya zamani, na nina ugomvi mkubwa zaidi na sisi wenye magari hayo. Nianze na mafundi, kwa sababu wao wamezoea kulaumiwa. Sisi tutafuata.

Peleka gereji gari lolote la kabureta, liwe Land Rover 109, Peugeot 504 au Datsun pikapu. Sema linamisi. Sema linazima kwenye sailensi, au linakunywa mafuta kama halina akili. Fundi hatakuuliza swali la pili. Atafungua boneti, ataweka bisibisi kwenye skrubu ya kabureta, atazungusha kushoto, atazungusha kulia, atainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya msiba, kisha atatoa hukumu: "Bosi, kabureta hii imechoka." Hajachomoa plagi hata moja. Hajafungua distribyuta. Hajui tapeti zilipimwa lini mara ya mwisho, wala hajauliza. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwenye gereji zetu injini ikikosa pumzi inasingiziwa kabureta.

Nasema haya kutoka mfukoni mwangu. Gari langu ni Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya sisi 2,286, na makazi yake ni Iringa. Lilipoanza kumisi nilifanya kama wenzangu wote, nikaenda gereji. Fundi wa kwanza aliishusha kabureta, akachomeka waya wa breki ya baiskeli kwenye jeti "kuzizibua", akairudisha. Gari likaanza kunywa kuliko mwanzo. Fundi wa pili alinishauri ninunue kabureta mpya ya kopi. Nikanunua. Likamisi vilevile, ila sasa lilimisi huku kabureta inang'aa. Wa tatu alikuwa mkweli kwa namna yake. Aliniambia, "Mzee, hizi injini zimeshapitwa na wakati. Toa hiyo, tupachike ya Toyota, ulale usingizi." Akanitajia bei. Usingizi wenyewe ukapotea siku hiyohiyo.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho nilichopaswa kukifanya mwanzo. Jumamosi moja nililiegesha gari uani, nikatandika gunia, nikafungua kitabu cha matengenezo, nikaanza pale kinapoanza chenyewe. Hakianzi na kabureta. Kinaanza na tapeti, plagi, platini na taiming. Kabureta inakuja mwisho kabisa. Tapeti mbili zilikuwa zimebana. Kwenye distribyuta, kile kisigino cha platini kinachosuguana na kemu kilikuwa kimelika, na mwanya ambao kitabu kinataka uwe kati ya milimita 0.35 na 0.40 ulikuwa umebaki mdogo kiasi kwamba fila ya 0.20 ilikataa kupita. Nikaweka platini mpya, nikapima, nikapanga taiming, nikairudisha kabureta yangu ya zamani, ile "iliyochoka", pamoja na jeti mpya badala ya zile zilizochokonolewa. Kazi ya kuityuni haikuzidi dakika 10.

Sasa, kwa nini mafundi watatu walikosea palepale? Hawakuwa wajinga. Kabureta ndiyo iliyokuwa inaonekana mgonjwa, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu hoja yangu yote iko ndani ya chuma hiki.

Platini zikikaribiana, cheche inachelewa. Cheche ikichelewa, injini inakosa nguvu kwenye sailensi na inataka kuzima. Ili isizime, mtu anapandisha skrubu ya mwendo. Skrubu hiyo inakifungua kile kipepeo cha kabureta kuliko kinavyotakiwa kufunguka gari likiwa limesimama. Kipepeo kikifunguka hivyo kinavipita vile vitundu vidogo vya mpito vilivyo ubavuni, na petroli inaanza kuvujia huko badala ya kupita kwenye tundu linaloongozwa na skrubu ya mchanganyiko. Basi unazungusha skrubu ya mchanganyiko, ndani, nje, ndani tena, hakuna kinachobadilika. Fundi anakuangalia kwa huruma: "Umeona? Haishiki. Imekufa." Kumbe kabureta iko salama, inaonyesha tu ugonjwa wa distribyuta. Ndiyo sababu kabureta mpya nayo ilimisi. Ningeweza kununua kumi.

Na ule waya wa baiskeli? Jeti si bomba la maji la kuzibuliwa kwa mti. Kwenye kabureta za Solex na Weber namba iliyogongwa kwenye jeti inataja kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 125 ni milimita 1.25. Ukilikwangua tundu hilo kwa waya hadi likafika 1.35, macho hayaoni tofauti yoyote. Lakini piga hesabu ya eneo la duara, utakuta njia ya petroli imepanuka kwa karibu asilimia 17. Kwa sekunde tano za waya umeliongezea gari kiu ya kudumu ambayo hakuna skrubu itakayoitibu. Jeti inasafishwa kwa upepo na kwa petroli safi. Anayekuja na waya mnyime kiti.

Nije kwenye jambo linalonikera zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Gari linanunuliwa Dar es Salaam likiwa zima. Linapita Morogoro, linapita Mikumi, linapanda Kitonga likilalamika, linaingia Iringa likitoa moshi mweusi na kunuka petroli. Wiki ya kwanza watu wanasema limekataa baridi. Wiki ya pili wanasema aliyeliuza alikuwa na kijicho. Hakuna anayesema neno "hewa". Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 14. Kabureta haina macho ya kuona imefika wapi. Inapitisha petroli karibu kwa kipimo kilekile cha pwani wakati hewa imepungua, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Dawa yake ni jeti kuu ndogo kidogo, namba 120 mahali pa 125 kwa mfano, pamoja na kuirekebisha sailensi upya. Fundi badala yake anakaza skrubu ya mchanganyiko, anasema amekupunguzia mafuta, anapokea hela yake.

Hapa lazima nisimame, maana uongo huu umetula hela nyingi mno. Skrubu ya mchanganyiko inaongoza sailensi. Basi. Ukishakanyaga mafuta ukaondoka, kazi inahamia kwenye jeti kuu. Ukiwa unapanda Kitonga na mzigo wa mbao, ile skrubu haina neno la kusema. Mtu anayekuambia amekupunguzia matumizi ya safari kwa kuizungusha robo mzunguko ni sawa na anayekupunguzia bili ya umeme kwa kuipangusa mita.

Na geji ya vakyumu nayo ina yake. Kitabu kitakuambia injini nzima ikiwa kwenye sailensi inasoma inchi 17 hadi 21. Kweli, kwa gari lililo usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza inchi moja. Kwa hiyo injini nzima kabisa hapa Iringa itasoma 12 hadi 16, na fundi aliyekariri namba bila kukariri sababu ataitazama geji, atatikisa kichwa, atakuambia ringi zimekwisha. Injini ngapi zimefumuliwa huku juu kwa kosa la kuwa Iringa?

Najua jibu ninaloandaliwa. Nimelisikia mara nyingi, na linasemwa kwa fahari: "Kabureta ni sikio, bwana. Hayo mavitabu ni ya Wazungu. Fundi anazaliwa." Mimi sikio nalikubali. Nimewahi kumwona mzee akiwa amekaa kwenye stuli mita tano kutoka kwenye gari, anamwambia kijana "rudisha kidogo, hapo, acha", na injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Lakini mzee yule asubuhi alikuwa amepima tapeti. Alikuwa amezikwangua plagi na kuziweka sawa. Alikuwa amepitisha kipande cha boksi la sigara kwenye platini, na nawaomba wasomi wasicheke, kwa sababu boksi la sigara nalo ni kipimo, na kipimo kibovu ni bora kuliko kukosa kipimo. Sikio lake lilikuwa linamalizia kazi ambayo mikono yake iliianza saa mbili za nyuma. Sisi tuliofika saa sita tukaona sikio tu.

Na huyo ndiye spanaboi. Nimekaa kwenye gereji bubu za kutosha kujua jinsi elimu inavyotolewa pale. Kijana anaosha vyuma miaka miwili. Anakaza nati, anatambaa chini ya gari, anapokea tusi. Saa ya kupanga taiming ikifika, anatumwa sigara. Akirudi, fundi mkuu yuko kwenye tendo la mwisho, bisibisi mkononi, anazungusha skrubu ya kabureta, gari linatulia, mwenye gari anatabasamu, hela zinatoka. Kijana ameona nini? Ameona skrubu. Miaka mitano baadaye anafungua gereji yake, na anafanya kwa uaminifu kabisa kile alichokiona. Hajatudanganya. Alinyimwa ukurasa wa kwanza hadi wa tisa, akaonyeshwa wa kumi, naye anausoma huohuo kila siku kwa kila gari.

Naielewa hofu ya fundi mkuu. Akimfundisha kijana kila kitu, kesho kijana anafungua ng'ambo ya barabara na kuchaji nusu bei. Njaa si jambo la kubezwa. Lakini mficha uchi hazai. Siri zile hazikumlinda mtu. Wazee wanaondoka nazo, vijana wanabaki na bisibisi, na magari yanabaki na sifa mbaya kwamba "hayatengenezeki".

Sasa tuje kwetu, wenye magari, tuliojaa maneno.

Sisi ndio tulionunua uvivu huu. Tunafika gereji saa kumi na moja jioni, tunasema "fanya fanya niondoke". Fundi akitubadilishia kitu tunalipa bila ubishi, kwa sababu tumekiona kitu. Fundi huyohuyo akikaa saa mbili na fila, akapima tapeti nane, asibadilishe chochote kwa kuwa hakuna kilichoharibika, halafu akaomba elfu thelathini, tunamwita mwizi. "Umefanya nini sasa?" Amepima, ndugu yangu. Amepima! Tumemfundisha kwamba kupima hakulipi na kuuza kabureta ya kopi kunalipa, halafu tunashangaa anauza kabureta ya kopi. Na ndio sisi tunaopiga picha na gari siku ya harusi, tunaosema "hizi ndizo gari, siyo hizi plastiki", lakini ukituuliza mpangilio wa kuwaka wa injini yetu wenyewe tunaangalia pembeni. Ni 1-3-4-2. Umegongwa kwenye vitabu vyote vya hiyo Land Rover. Mtu anayejua jina la bibi wa mchezaji wa Ulaya hawezi kukosa nafasi kichwani ya tarakimu nne.

Kwa hiyo nasema hivi: mwenye gari la kabureta aityuni mwenyewe nyumbani. Fundi abaki na haki yake ya kula, kwani zipo kazi za krankshafti na gia boksi zitakazomtosha. Kutyuni ni kazi ya nyumbani kwa asili yake: inataka utulivu, inataka muda usiouzwa, inataka mtu anayelijua gari lake lilivyokuwa jana. Na si siri. Inaandikika. Nitaiandika hapa, aya chache tu, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Anza injini ikiwa ya baridi. Pima tapeti, kwa injini yangu ni milimita 0.25 zote nane. Kuna hesabu ya tisa inayokuokoa na kubahatisha: valvu namba nane ikiwa imefunguka kabisa, pima namba moja; ikifunguka ya saba, pima ya pili; sita kwa tatu, tano kwa nne, na kinyume chake. Daima jumla ni tisa. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kisha plagi. Kisha platini. Kisha taiming, na usiniambie huna mashine: balbu ya indiketa na waya mbili vinatosha. Waya mmoja kwenye ule mguu wa distribyuta unaotoka kwenye koili, mwingine kwenye bodi. Washa swichi bila kupiga stata, zungusha injini kwa mkono hadi alama ya taiming ifike inapotakiwa, kisha geuza distribyuta taratibu. Balbu inapowaka, platini zimefunguka sekunde hiyo. Kaza hapo.

Halafu tafuta hewa ya wizi. Manifoldi iliyolegea, gasketi iliyopasuka chini ya kabureta, mpira wa sevo ya breki wenye ufa, vyote vinaingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe polepole kwenye maungio huku injini ikinguruma, ukiiweka mbali na feni. Palipo na ufa utasikia kama nyoka. Wengine wanapuliza petroli kwenye manifoldi ya moto ili wasikie injini ikibadilika. Hao wanatafuta hewa, watapata moto. Na tukiwa hapohapo: fanya kazi hii uwanjani, siyo ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua bila kunuka vibaya; na jiko la mkaa la mama likae mbali.

Sasa ndiyo kabureta. Injini iwe ya moto, choki imerudi yote, filta ya hewa imefungwa mahali pake. Hili la filta linapuuzwa na wengi. Wanatyuni gari likiwa wazi, wanafunga filta, wanashangaa limebadilika. Ukiwa umeizima, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse. Iguse tu, ukiikaza kwa nguvu, ncha yake inachongeka mfereji na haitapima tena. Irudishe nje mzunguko mmoja na nusu. Washa. Shusha mwendo hadi gari lingurume kwa utulivu. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo hadi injini ikimbie kuliko mahali pengine popote. Mwendo umepanda? Ushushe kwa skrubu ya mwendo. Rudia mchanganyiko. Rudia mwendo. Mara ya tatu au ya nne hakuna tena cha kuongeza. Hapo skrubu zimeelewana. Kumbuka tu kwamba kabureta si zote sawa: kwa nyingine skrubu inapima mchanganyiko, ukiiingiza unapunguza petroli, kwa nyingine inapima hewa, ukiiingiza unapunguza hewa na petroli inazidi. Jua ya kwako ni ipi kabla hujaanza kubishana nayo.

Na hapa, mwishoni, ndipo sikio linapokaribishwa. Karibu, kaa. Ulikuwa unasubiriwa.

Sisemi kabureta haikosei. Ile Zenith iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za Series III ina oringi ndogo kati ya sehemu ya juu na ya chini. Ikisinyaa, petroli inapita njia isiyopimwa, gari linakuwa zito kwenye sailensi na skrubu haishiki kweli. Uso wake wa juu nao unapinda kwa joto na kukazwa bila mpangilio, na inabidi uusugue kwa msasa laini juu ya kioo hadi ulale sawa. Floti inatoboka. Nidili inashindwa kufunga. Yote hayo yapo. Ila utajuaje ni hayo, kama hukuanza kwa kuyaondoa mengine? Hukumu ya "kabureta imechoka" inaweza kuwa kweli. Bila kupima inabaki bahati nasibu, na tiketi unanunua wewe.

Rafiki yangu mmoja mpenda riwaya aliposikia ninaandika haya aliniuliza: kabureta na fasihi wapi na wapi? Nikamjibu kwamba tunalia kila siku kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, na wanaolia hivyo hawajawahi kukaa gereji. Pale gari likimisi si sawa na likikata. Kumisi ni silinda moja kuruka zamu yake. Kukata ni injini nzima kukosa mafuta au moto unapokanyaga. Likikohoa kwa juu, hewa imezidi. Likirudisha moto, tafuta valvu au taiming. Na sailensi! Kiingereza hakilitumii neno hilo hivyo. Ni sisi tulioliokota, tukalipa kazi ya kutaja ule mngurumo wa injini iliyosimama, na leo kutoka Tanga hadi Tunduma ukisema sailensi iko juu unaeleweka bila maelezo. Hiyo ni istilahi, tena imepita mtihani wa mafuta na spana. Kinachokosekana ni wa kuiandika. Tuna mashairi ya mawaridi ya kutosha kujaza trela. Kitabu cha kutyuni kabureta kwa Kiswahili, chenye namba, chenye sababu, mimi sijawahi kukishika. Elimu yetu yote ya kazi hii iko Kiingereza kwenye kitabu au mdomoni mwa mzee, na katikati hapana kitu. Katikati hapo ndipo spanaboi anapoangukia.

Nina mfano mmoja zaidi, nao si wa kufurahisha. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa na 109 kama yangu. Ilibeba viazi, ilibeba mahindi, ilibeba maiti za mtaa bila kuchaji. Ilisomesha watoto. Ilipoanza kumisi alipita njia ileile niliyopita mimi, kabureta moja, kabureta ya pili, kisha ushauri wa injini ya Toyota. Hela ya injini hakuwa nayo. Gari likakaa chini ya mparachichi misimu miwili, matairi yakazama, na siku moja wakaja vijana wa skrepa na mtungi wa gesi. Walilikata mbele ya nyumba kwa siku moja na nusu. Chuma kinapimwa kwa kilo. Miaka yote ile ikapimwa kwa kilo.

Mimi nilinunua kabureta yake kwa yule mnunuzi, nikaifungua mezani. Oringi nzima. Uso umelala. Floti haina tundu. Nikaifunga kwenye gari langu, gari likanguruma vizuri tu. Sijui nini kilikuwa kinaisumbua ile Land Rover, na sasa hakuna wa kujua. Ninachokijua ni kwamba haikuwa hicho ilichohukumiwa nacho.

Wakati ule tayari nilikuwa najua kupima platini. Fila ilikuwa ndani ya droo, hatua 40 kutoka kwenye ule mparachichi. Niliona si kazi yangu kumfundisha mzee mzima gari lake, na yeye pengine aliona haya kuuliza. Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba ugomvi wangu na sisi ni mkubwa zaidi.

Basi gari lako likimisi kesho, hiyo bisibisi iache kwanza. Fungua kifuniko cha distribyuta, uangalie kisigino cha platini. Na kama kuna mtoto amesimama pembeni anatazama, usimtume sigara.